Mgongo wa Bahasha

Sajini Earline Gaspard aliweka muhuri wake wa tarehe mezani, taratibu, kama mtu anayesalimisha bastola.

"Miaka kumi na tisa nipo chumba hiki cha barua," alisema. "Sijawahi kupiga tarehe ya jana wala ya kesho. Barua ikinifikia leo, inapigwa leo. Nenda kaiulize hiyo mahakama yako kama nao wanaweza kusema hivyo."

"Sijaja kukushtaki, sajini."

"Wote huanza hivyo hivyo. Baadaye nasikia jina langu linasomwa mbele ya jaji."

Verlene Narcisse hakubishana naye. Alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka ishirini na mmoja kabla ya kuhamia upande wa pili, wa utetezi, kwa wakili Hollis Tarver, na alijua kwamba shahidi mwenye kiburi cha kazi yake ni shahidi bora kuliko wote. Alifungua nakala ya daftari la barua za kisheria la Gereza la Bayou Cendre na kuweka kidole kwenye mstari wa kumi na mbili.

Alton Picou, Kambi ya Nne. Bahasha moja kwenda mahakama ya shirikisho. Jumatatu, 18 Machi.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, 14 Machi.

Kesi nzima ilikuwa imebaki hapo. Picou alikuwa ametumikia miaka ishirini na miwili ya kifungo cha maisha kwa mauaji ya mwenye kituo cha mafuta. Baada ya kushindwa katika mahakama zote za jimbo la Louisiana, alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuiomba mahakama ya shirikisho ichunguze uhalali wa kifungo chake. Ombi lake lilikuwa na kurasa thelathini na moja. Ukurasa wa kumi na nne ulibeba maelezo ya karani wa kituo hicho, aliyewaambia polisi usiku uleule kwamba muuaji alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele nyekundu. Picou alikuwa mweusi, mwenye urefu wa futi sita na inchi mbili. Maelezo hayo yalikaa kwenye kabati la mwendesha mashtaka miaka kumi na saba bila upande wa utetezi kuambiwa.

Hakuna jaji aliyewahi kuyapima. Mahakama ya chini ilitazama muhuri, ikahesabu siku, ikalifuta ombi kwa kuchelewa siku nne. Mahakama ya rufaa haimsikilizi mfungwa kwa sababu tu amekata rufaa. Lazima kwanza apewe kibali, na kibali hutolewa kwa swali, si kwa kesi. Majaji watatu walimpa Picou swali moja: alilikabidhi ombi lake kwa askari jela siku gani? Mfungwa hawezi kwenda posta, kwa hiyo kwa sheria ombi lake huhesabiwa limefika mahakamani saa ile linapotoka mkononi mwake. Majaji walirudisha swali hilo chini lijibiwe kwa ushahidi. Ushahidi ulitakiwa uwe umewasilishwa Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni.

Leo ilikuwa Jumatano.

"Kabla ya kufika kwako, bahasha ilikuwa wapi?" Verlene aliuliza.

"Kwenye sanduku la chuma, Kambi ya Nne. Kigari kinazunguka kambi zote asubuhi, siku za kazi."

"Siku zote za kazi?"

"Nimeshasema."

"Ijumaa tarehe kumi na tano, Kambi ya Nne haina hata barua moja. Jumatatu ina thelathini na tatu. Siku nyingine zina kumi, kumi na moja."

Gaspard alivuta daftari upande wake, akavaa miwani. Alisoma kurasa mbili bila haraka.

"Ukungu," alisema hatimaye.

"Ukungu?"

"Wewe ni mtu wa mjini nini? Ukungu ukishuka mashambani hatembei mtu. Wafungwa wanahesabiwa, wanafungiwa, askari wanajipanga ukingoni mwa shamba mpaka jua litoke. Siku hiyo ulikaa mpaka mchana. Kigari hakikutoka. Nakumbuka, maana ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima na kanisani walinisubiri nikakaange samaki, na mimi nimekwama hapa."

"Na Jumamosi na Jumapili hakuna kigari."

"Hata Mungu alipumzika."

"Kwa hiyo bahasha uliyoipiga muhuri Jumatatu inaweza kuwa iliwekwa sandukuni Alhamisi jioni."

"Au Ijumaa. Au Jumapili. Au Jumatatu alfajiri." Gaspard alivua miwani. "Muhuri wangu unasema lini nilipokea mimi. Hausemi lini alitoa yeye. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo."

Verlene aliandika sentensi hizo neno kwa neno, akamsomea, akampa asaini. Sajini alisaini bila kusita.

"Na orodha ya zamu ya Kambi ya Nne," Verlene alisema. "Amri ya jaji inataja kumbukumbu zote za tarehe kumi hadi ishirini."

Orodha ilikuwa karatasi moja: majina tisa ya askari, saa za kuingia, saa za kutoka. Kuanzia Ijumaa tarehe kumi na tano, jina moja lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Verlene alipiga picha na kuikunja nakala yake.

Simu ya Tarver ilimkuta akiwa bado kwenye maegesho.

"Leotis amekufa," Tarver alisema.

"Amekufa?"

"Kama shahidi. Alikula kiapo kwamba alimwona Picou akikabidhi bahasha Alhamisi jioni. Pruett amepata kumbukumbu za hospitali." Pruett alikuwa wakili wa jimbo, na Leotis mfungwa mwenzake Picou. "Alhamisi hiyo Leotis alikuwa kitandani, maili sitini kutoka hapo, anakatwa kidole tumbo. Sasa Pruett atasimama aseme watu wetu wote ni waongo, akianza na Picou."

"Kwa mmoja atakuwa amesema kweli."

"Asante kwa faraja, Verlene. Una nini?"

"Ukungu."

"Nini?"

"Nina siku nne ambazo muhuri hauzijui. Nahitaji moja kati ya hizo. Ngoja nimwone mteja wako."

*

Alton Picou aliletwa kwenye chumba cha mawakili akiwa na pingu mbele. Alikaa, akamtazama Verlene kupitia kioo kilichokwaruzwa.

"Umekonda, Bi Verlene. Tarver hakulishi?"

"Kwa nini ulimwacha Leotis aseme uongo?"

Tabasamu lilimtoka. "Sikumtuma. Alidhani ananibeba."

"Amekuangusha. Kuanzia sasa neno lako peke yake halina uzito. Kwa hiyo sitaki unachoamini, nataka ulichofanya. Anza pale ulipomaliza kuandika."

"Nilimaliza Alhamisi mchana. Nikala chakula cha jioni. Najua haikuwa Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ni maharage mekundu na wali, na siku ile hatukula maharage."

"Jaji hawezi kuandika uamuzi juu ya maharage, Alton."

"Hapa Louisiana, ambako kila nyumba hupika maharage Jumatatu? Anaweza." Alicheka peke yake, akaacha. "Haya. Nikaenda getini mwa bweni. Nikamwita afande. Akazipekua kurasa kuona sijaficha kitu, hasomi, anapekua tu. Nikazitia kwenye bahasha mbele yake, nikalamba gundi, nikafunga. Akasaini, akaitumbukiza sandukuni. Basi."

Verlene aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Akasaini wapi?"

"Mgongoni. Hapo penye gundi, ili mtu akiifungua njiani ijulikane."

"Alisaini nini?"

"Herufi za jina lake. Wote wanafanya hivyo."

"Una hati mbili za kiapo mahakamani. Hakuna hata moja inayotaja hilo."

"Hakuna aliyeniuliza. Bi Verlene, kila bahasha inasainiwa. Ni kama uniulize kama nilivaa viatu."

"Afande gani?"

Picou alifumba macho muda mrefu. Verlene alimwacha.

"Sijui," alisema. "Ningeweza kukutajia jina, na wewe ungefurahi. Lakini sijui. Mwezi ule walikuwa wanabadilishwa kama soksi."

Lilikuwa jibu la kwanza katika kesi hiyo ambalo Verlene aliliamini moja kwa moja.

*

Katika kumbukumbu za kompyuta za mahakama, bahasha ya Picou ilikuwa picha moja: upande wa mbele, wenye anwani na muhuri wa Gaspard. Wakili wa jimbo alikuwa ameitazama picha hiyo. Jaji aliitazama. Majaji watatu wa rufaa waliitazama. Tarver aliitazama mara nyingi kuliko wote.

Alhamisi saa tatu asubuhi Verlene alisimama mbele ya dirisha la masjala ya mahakama na kuomba bahasha yenyewe.

"Karatasi?" Odile Fuselier, karani wa kumbukumbu, alimtazama kama aliyeombwa taa ya mafuta. "Bibie, tunaskani kila kitu."

"Mnaskani pande zote mbili?"

"Upande wenye muhuri. Upande wa nyuma hauna kitu."

"Na karatasi huenda wapi?"

Odile aliingiza namba ya kesi. Alisoma kioo, na vidole vyake vikasimama.

"Imewekwa kwenye orodha ya kuchanwa. Kesi ilifutwa, basi mfumo umeihesabu imekwisha."

"Kuna rufaa."

"Rufaa iko mahakama nyingine. Mfumo wetu hauioni."

"Inachanwa lini?"

"Lori huja Alhamisi." Odile alitazama saa ukutani. "Leo. Saa nne."

Waliteremka chini kwa ngazi, maana lifti ilikuwa na foleni. Makasha ishirini na sita yalikuwa yamepangwa mlangoni kwa ajili ya kupakiwa, bila mpangilio wa namba. Odile alisoma upande wa kulia, Verlene wa kushoto. Nje, lori lilikuwa linarudi nyuma likipiga kengele. Kasha la Picou lilikuwa la chini kabisa katika safu ya tatu. Mpakiaji alipoingia na toroli aliwakuta wanawake wawili wa makamo wamepiga magoti sakafuni.

"Hilo ni langu, mama," alisema.

"Hili ni la majaji watatu," Odile alimjibu. "Anza na yale."

Verlene alivaa glavu. Bahasha ilikuwa ya kaki, imepasuliwa upande mfupi kwa mashine ya masjala, ndiyo maana penye gundi palikuwa hapajaguswa. Aliigeuza.

Wino wa bluu, ukivuka kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye mwili wa bahasha: DR 17:40.

Tarehe haikuwepo.

"Upande wa nyuma hauna kitu," Odile alisema kwa sauti ndogo, akijirudia mwenyewe.

Verlene alimwomba aipige picha pande zote mbili, athibitishe nakala kwa muhuri wa mahakama, na aandike alivyoitoa kwenye kasha. Kisha akafungua orodha ya zamu juu ya kifuniko cha kasha.

Majina mawili yalianza na herufi hizo. Darnell Rusk: Ijumaa hadi Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Dwight Robichaux: Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi jioni hadi usiku wa manane. Jina la Robichaux ndilo lililokatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni mtu alikuwa ameandika: ameacha kazi.

Alimpigia Tarver.

"Kama ni Rusk, tumekwisha," Verlene alisema. "Rusk hakuwa na zamu Alhamisi; ya kwake ilianza Ijumaa. Kama ni Robichaux, tumeshinda, kwa sababu hakuwa na zamu yoyote baada ya Alhamisi."

"Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Rusk anatoka saa kumi."

"Pruett atasema Rusk alibaki kwa saa za ziada. Mimi ningesema hivyo."

"Basi mtafute Robichaux."

"Nimeshampata. Jina lile lililokatwa nililifuatilia jana jioni. Shemeji yake ana duka la soseji za boudin barabara ya kusini. Robichaux mwenyewe anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, wiki mbili nje, wiki mbili nyumbani. Anaruka kesho saa sita mchana kutoka Houma. Huko nje simu hazishiki."

"Na akisema hakumbuki?" Tarver aliuliza.

"Sitamuuliza kama anakumbuka."

*

Jengo la abiria wa helikopta lilikuwa banda la bati lenye viti vya plastiki. Wanaume thelathini walikaa na mabegi miguuni. Dwight Robichaux alikuwa mrefu, shingo imebabuliwa na jua, na alianza kutikisa kichwa kabla Verlene hajamaliza kutaja gereza.

"Hapana, mama. Nilipotoka kule niliapa sitazungumzia kule."

"Hujasikia swali."

"Mfungwa gani?"

"Alton Picou. Kambi ya Nne."

"Simkumbuki. Nilikuwa na wanaume themanini na wanne bwenini. Nikikuambia namkumbuka nitakuwa mwongo."

"Vizuri. Wa kusema uongo tulishampata." Aliweka picha ya bahasha juu ya goti lake. "Huu ni mwandiko wa nani?"

Robichaux aliinama. Mwenzake wa kiti cha pili akachungulia.

"Wamekushika, Dwight. Talaka?"

"Funga mdomo, Cleve." Aliitazama tena. "Ni wangu."

"Kuna DR mwingine kwenye kambi hiyo."

"Rusk? Rusk anaachanisha herufi, D huku, R kule. Mimi naziunganisha, ona mkia huu. Halafu Rusk haandiki saa. Hakuna anayeandika saa isipokuwa mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Mwaka wangu wa kwanza mfungwa mmoja alidai nimekalia barua yake siku mbili. Niliitwa ofisini kama mwizi. Tangu hapo kila bahasha naiandika saa."

"Na tarehe?"

Robichaux alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Tarehe ya nini? Tarehe anapiga Gaspard. Asubuhi kigari kinakuja, anapiga. Haijawahi kupita usiku mmoja."

"Siku yako ya mwisho kazini?"

"Alhamisi. Tarehe kumi na nne Machi. Nilirudisha funguo na sare usiku ule ule." Alitoa simu, akatafuta, akamwonyesha picha ya stakabadhi yenye saini ya mkuu wa zamu: saa sita na dakika tano usiku. "Niliipiga picha ili nimtumie mke wangu. Asubuhi yake nilianza kazi hii, na kulikuwa na ukungu mpaka helikopta ikachelewa kwa saa tatu."

"Ulirudi gerezani baada ya hapo? Kwa mshahara, kwa kuaga, kwa lolote?"

"Hata ndotoni sirudi."

Spika ikataja safari yake. Wanaume wakaanza kusimama. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na nane. Verlene alikwisha kuandika hati; alikuwa ameacha nafasi tatu tu wazi, na sasa alizijaza kwa mkono. Sheria ya shirikisho haikudai wakili wala mashahidi wa pembeni. Ilidai saini, tarehe, na sentensi moja ya kukubali kushtakiwa iwapo aliyoyasema ni uongo.

Robichaux aliisoma sentensi hiyo mara mbili.

"Hapa hamjaandika kwamba namkumbuka?"

"Hapana."

"Wala kwamba ni mtu mzuri?"

"Hapana."

"Kwamba hakuua?"

"Hati hii haijui kama aliua. Inajua ni nani aliyeandika DR."

Cleve alikuwa mlangoni. "Dwight! Utaogelea?"

Robichaux aliegemeza karatasi ukutani, akasaini. Chini ya saini yake kamili, bila kuombwa, aliandika herufi mbili zilizounganishwa, mkia ukishuka kushoto. Kisha akatazama saa yake, akaongeza: 11:31.

Mkono wa Verlene ulisimama juu ya karatasi. Alikuwa amepata sampuli ya mwandiko ambayo hangethubutu kuiomba.

"Na tarehe, tafadhali," alisema.

*

Tarver aliwasilisha hati saa tisa na dakika kumi: maelezo ya Gaspard, bahasha pande zote mbili, orodha ya zamu, stakabadhi ya funguo, kiapo cha Robichaux. Hati ya Leotis aliiondoa kwa barua ya mistari miwili bila kuitetea. Saa kumi na dakika arobaini Pruett alipiga simu mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache na Verlene alimheshimu kwa hilo.

"Jimbo halitapinga tarehe," alisema. "Mengine yote tutayapinga."

Jaji angeandika kwamba ombi lilikabidhiwa Alhamisi. Karatasi hiyo ingepanda tena kwa wale watatu wa rufaa, nao wangeandika mistari michache: halikuchelewa, lirudi chini, lisikilizwe.

Simu ya mawakili gerezani ilikuwa na dakika tano. Verlene alitumia moja kueleza.

"Kwa hiyo wamekubali sikuua," Picou alisema.

"Hapana. Wamekubali ilikuwa Alhamisi."

Alisikia pumzi yake, na nyuma yake milango ya chuma ikifungwa mmoja baada ya mwingine.

"Miezi ishirini," alisema. "Majaji wanne. Kwa ajili ya Alhamisi."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa wanalazimika kusoma kilichomo."

Zilibaki dakika mbili. Sauti ya Picou sasa ilikuwa ya mtu anayetoa maelekezo kwa fundi.

"Waambie waanzie ukurasa wa kumi na nne."